Pasi ya nywele imegandiwa na uchafu kwenye pleti, inakwama na kuchafua nywele. Naomba msaada kabla sijaiharibu

#1 Kibanio (Ijumaa usiku)

Habari za usiku wadau. Nina kisaluni changu huku Mbagala Rangi Tatu, viti viwili na drayer moja. Pasi yangu ya nywele niliinunua Kariakoo mwaka juzi, ile yenye pleti za rangi ya bluu-bluu, muuzaji akaniambia ni titani. Imenilisha vizuri, sina cha kuilaumu.

Ila kama miezi mitatu sasa pleti zimeshika kitu cha kahawia, na kwenye kingo kimekuwa cheusi kabisa. Pasi ikiwa baridi kinakuwa kigumu kama kucha. Ikipata moto kinanata kama jojo. Nywele hazitelezi tena, zinapita kwa kukwamakwama, na wateja wameanza kuniambia "dada unaning'oa".

Leo ndiyo nimefika mwisho. Mteja kaleta wigi lake la nywele halisi, blondi, analipenda kuliko simu yake. Nimepitisha fungu la kwanza tu nikaona mstari wa rangi ya chai umekatiza katikati ya nywele, kama mtu kapiga na kalamu ya wino. Nimeliosha mara mbili, umefifia lakini upo. Kesho anakuja kulichukua.

Nimejaribu kitambaa cha maji, wapi. Msaidizi wangu anataka tusugue kwa stilwaya, nimeificha. Kaka wa chipsi hapo nje anasema weka mafuta ya taa. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie usiku huu huu, kesho asubuhi nina bibi harusi na wapambe wanne.

#2 Mzee wa Kijiwe

Nimefungua uzi nikidhani ni pasi ya nguo. Nimeshaingia basi nakaa. Wife anayo hiyo kitu, na siku hizi akiiwasha nyumba nzima inanuka kama kichwa cha mbuzi kinababuliwa.

#3 Bi Mkasi

Kibanio mwanangu, hongera kwa kuficha hiyo stilwaya. Nimeshika pasi miaka kumi na sita hapa Magomeni, na pasi zangu nyingi nilizozizika zimekufa kwa kusafishwa, si kwa kutumiwa. Hayo mafuta ya taa mwachie kaka akawashie jiko lake.

Fanya hivi. Iwashe kwenye joto la chini kabisa, dakika mbili au tatu, kisha chomoa plagi ukutani. Sijasema zima kwa kitufe, nimesema CHOMOA. Subiri mpaka ukiweka mgongo wa vidole kwenye pleti unaweza kuhesabu hadi kumi bila kuruka. Huo uvuguvugu ndio unaolainisha.

Chukua kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Chovya kwenye maji ya moto uliyotia tone moja la sabuni ya vyombo, halafu kamua, kamua tena, mpaka kisidondoshe hata tone. Kikunje, kibane katikati ya pleti kama unavyobana nywele, funga na lababendi, kaa dakika kumi. Nenda kanywe chai. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, wanataka kitoke kwa dakika moja, kisipotoka wanatafuta kisu.

Ukirudi, futa kwa urefu wa pleti kwa mwendo mmoja, usizungushe. Utaona fulana inatoka rangi. Rudia mara mbili, tatu, kila mara kwa upande safi wa kitambaa, la sivyo unahamisha uchafu kutoka huku kwenda kule.

Baada ya hapo iache ipoe kabisa, iwe baridi kama kijiko. Ndipo unaleta spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70. Lowanisha pamba, usilowanishe pasi. Nasisitiza baridi kwa sababu kuna mwaka binti niliyekuwa namfundisha alipitisha pamba iliyojaa spiriti kwenye pasi ya moto iliyokuwa bado kwenye soketi. Moto wa bluu uliruka ukaishia kwenye nyusi zake. Nyusi zilirudi, lakini alikaa miezi anajichora.

Kingo na zile pembe fungia pamba kwenye kijiti cha meno cha mbao. Usitumie pini, wembe wala ncha ya mkasi.

Ikibaki madoa sugu, hapo unaruhusiwa baking soda ya mandazi na maji kidogo, iwe nzito kama dawa ya meno, unapaka kwa kidole kilichovaa kitambaa na kusugua polepole mno. Baking soda, narudia, si baking powder, na WALLAHI si kostiki ya kutengenezea sabuni. Ile inakula alumini unaiona.

Wigi tutaliongelea baadaye, kwanza okoa pasi.

#4 Mlango_wa_Papa

Mie hapa Mombasa natumia dawa ya meno tu dadangu, ile nyeupe ya kawaida. Unapaka, unasugua na mswaki mkuukuu, unafuta. Pasi yangu yang'aa kama mpya. Hayo ya kubana fulana na kunywa chai ni mengi bure.

#5 Bi Mkasi

Inang'aa leo, mama. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia ndani, ndiyo kazi yake kwenye jino. Ukiipeleka kwenye pleti kila wiki unakwangua ule utando wa juu kidogokidogo. Mara moja kwa shida sawa, lakini kila wiki hapana.

#6 Chaki

Nafundisha kemia sekondari, ngoja nieleze kidogo kwa nini njia ya Bi Mkasi inafanya kazi, maana wengi tunadhani hicho kitu ni uchafu. Hicho ni mafuta yaliyoiva.

Geuza kikaango chenu cha nyumbani muangalie mgongo wake. Ile rangi ya kahawia inayong'aa, isiyotoka kwa sabuni, ndiyo hiyo hiyo. Mafuta ya majimaji yakipata moto mkali mbele ya hewa, chembe zake zinashikana moja na nyingine zikawa mnyororo, mnyororo ukashikana na mwenzake, mwisho unapata kitu kama vanishi. Mafuta ya zeituni yanafanya hivyo upesi kuliko ya nazi. Ya nazi yana sifa nyingine, yale yasiyosafishwa yanaanza kutoa moshi kwenye kama nyuzi 175, na pasi zenu mnaziweka 200 na zaidi, nyingine zinafika 230. Maana yake mnakaanga.

Juu ya mafuta kuna jeli na sprei za kushikisha nywele. Hizo zina plastiki laini inayoyeyuka kwenye maji. Halafu kuna silikoni ya kwenye seramu. Soma nyuma ya chupa, ukiona neno linaishia na "cone" au "siloxane" ndiyo hiyo. Kisha magamba ya nywele zenyewe na vumbi. Vyote vimepikwa pamoja tabaka juu ya tabaka.

Kwa hiyo maji ya uvuguvugu na sabuni yanaondoa jeli, sprei na mafuta ambayo bado hayajaiva. Spiriti inachukua yale yanayonata. Ila yaliyoiva kabisa, yale meusi ya kwenye kingo, spiriti haiyayeyushi. Hayo yanataka muda, joto dogo na kusugua kidogo. Ndiyo maana Kibanio kitambaa cha maji baridi kilikushinda.

Jambo moja zaidi. Soma lebo ya hiyo spiriti. Spiriti nyingine za hospitali zimetiwa mafuta kidogo ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Ikikauka inaacha utando wa mafuta kwenye pleti, na kesho unaupika tena. Ukiwa nayo hiyo, malizia kwa kitambaa chenye sabuni kisha kingine cha maji matupu. Na sanitaiza ya mikono ya jeli usiitumie, inaacha kitu kinachonata.

#7 Kipilipili

Mnajisumbua. Mimi huku Nairobi nachanganya siki na baking soda, inatoka povu, povu linakula uchafu wote. Iko video kibao.

#8 Chaki

Kipilipili, povu linapendeza kwa macho tu. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake, ukizikutanisha zinamalizana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi na hewa iliyokwenda zake, hewa ile ile ya kwenye soda ya kunywa. Umetupa vitu viwili vizuri ukapata kimoja dhaifu. Tumia soda peke yake, au siki peke yake kidogo sana kwenye kitambaa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuchanganya, mtu asije akachanganya siki na jiki. Inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Jiki na spiriti vilevile msivikutanishe. Jiki yenyewe haina kazi kwenye pasi, inakula metali.

#9 Kipilipili

Sawa mwalimu. Lakini yangu ilitoka safi.

#10 Chaki

Ilitoka kwa sababu ulisugua.

#11 Voltimita

Mimi ni fundi wa vitu vidogo vya umeme, pasi za nywele napokea sana hasa kuelekea sikukuu. Niwaambie kitu ambacho wasusi hawakioni kwa sababu hamjawahi kuifungua.

Kwenye pasi nyingi pleti haikugundishwa. Imekalia springi au raba ili icheze ikibana nywele. Ibonyeze kwa kidole utaona inazama kidogo. Sasa ukingoni kuna nafasi, upana wa kucha tu, na chini ya hiyo nafasi ndipo kilipo kijibamba cha kupashia moto na kihisi kinachopima joto. Mtu akimimina siki au maji ya soda, yanapita hapo hapo. Pasi inakuja kwangu namba za joto zinapanda na kushuka zenyewe, au upande mmoja wa moto mwingine baridi. Nikifungua nakuta unga mweupe na kutu kwenye skrubu.

Mnapofuta, shikeni pasi ncha ikiangalia chini, mkono juu. Tone likiponyoka litateleza kwenda ncha, halitarudi kwenye mpini kwenye waya. Na asitoni ya kutolea rangi ya kucha iacheni, inayeyusha plastiki ya mwili wa pasi. Nimeshaiona pasi yenye alama za vidole za mwenye nayo.

Ukimaliza usichomeke papo hapo. Iache wazi usiku mzima. Asubuhi iwashe joto la chini, dirisha likiwa wazi, dakika tano bila nywele, kisha bana karatasi nyeupe au tishu uivute. Ikitoka na rangi, kazi haijaisha.

(Nje ya mada: mkiletewa pasi kutoka Marekani someni kibandiko cha mpini. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 inapiga moshi mmoja tu, wa kuaga. Kwangu huwa wanakuja nayo ikiwa bado ndani ya boksi.)

#12 Mama Kijora

Samahani naingilia uzi. Mimi niko Arusha, mdogo wangu amenyoosha wigi la plastiki kwa pasi yangu, limeyeyukia kwenye pleti, limekuwa kama nta nyeusi. Hii nayo ni fulana na sabuni?

#13 Bi Mkasi

Pole mama. Hiyo ni kesi nyingine, usiiloweshe kwanza. Toa nje au fungua milango yote, maana moshi wa nywele za plastiki ni sumu, usiinamie. Washa joto la chini kabisa mpaka plastiki ilegee tu, isianze kutoa moshi. Chomoa. Vaa glovu nene au shika kwa taulo. Sukuma kwa kijiti cha mbao, kile cha aiskrimu kinafaa sana, polepole kuelekea ncha, huku ukifuta kijiti kila mara. Ikipoa ikagoma, washa tena kidogo uchomoe tena. Mimi iliwahi kunichukua raundi sita. Mwisho ndiyo unaingia na pamba ya spiriti kwa pasi baridi.

Na mdogo wako mwambie wigi la plastiki linanyooshwa kwa maji ya moto na chanuo.

#14 Kibanio (Jumamosi alfajiri)

Wadau nimelala saa tisa. Matokeo haya hapa.

Raundi ya kwanza ya fulana imetoka rangi ya chai ya rangi. Ya pili kahawa. Nilivyofungua raundi ya tatu kuna ganda limebaki kwenye kitambaa, jembamba kama ngozi ya kitunguu, ukilinusa linanuka seramu ninayotumia. Nilibaki nalitazama. Hiyo ndiyo naipitisha kwenye vichwa vya watu?

Spiriti yangu nimesoma lebo, kweli imeandikwa "castor oil". Nimefuta nayo halafu nimemalizia kwa sabuni na maji kama mwalimu alivyosema. Kingo nimezifanya kwa vijiti vya meno kumi na tatu, nimevihesabu. Baking soda nimeitumia sehemu moja tu, pembeni kulia, palipokuwa peusi.

Sasa hapo pembeni kulia weusi umetoka, lakini chini yake hamna bluu. Pana rangi ya kijivu, kama sufuria ya alumini, ukubwa wa punje mbili za mchele. Ni mimi nimekwangua au palikuwa hivyo?

#15 Voltimita

Kucha yako inakwama ukipitisha hapo?

#16 Kibanio

Inakwama kidogo sana. Nikipitisha nyuzi ya pamba inashikwa.

#17 Voltimita

Basi palishatoka zamani, uchafu ulikuwa umepafunika. Baking soda ukiisugua kwa kidole dakika mbili haiwezi kung'oa kipande mpaka kucha ikwame. Mara nyingi linatoka kwa kuanguka, kwa kugongana na chanuo la chuma, au mtu alishawahi kukwangua. Na hii inakuonyesha kwamba hiyo titani yako ni rangi ya juu, ndani ni alumini. Nyingi za sokoni ni hivyo, na zile za seramiki ni hivyo hivyo. Si dhambi, zinafanya kazi, ila utando ukishatoka hamna wa kuurudisha.

#18 Bi Mkasi

Nami nakubaliana na fundi, na nitakuambia lisilopendeza. Pasi hiyo usiitumie tena kwa mteja mwenye nywele za dawa au nywele nyembamba. Palipochubuka panashika nywele. Ibakishe ya kufanyia ncha za mawigi ya nywele halisi, kwa upande wa pleti ambao haujachubuka. Leo kwa bibi harusi azima.

Ila usikate tamaa na kazi uliyofanya. Bila kuisafisha usingejua, ungeendelea kulaumu nywele za watu.

Ukinunua nyingine fuata hivi. Seramu ya kichwa kizima ni tone la ukubwa wa punje ya mahindi, mbili akiwa na nywele nyingi. Ninyi mnamimina kiganja. Mafuta, grisi, mng'aro, vyote vinapakwa BAADA ya pasi. Nywele ziwe kavu mpaka ndani, ukisikia "chee" na mvuke unapanda, hayo ni maji yanachemka ndani ya unywele wa mtu. Nywele za dawa usizipeleke 230, hamna sababu, seramu nayo inaungua bure. Na kila mteja akiinuka kitini, chomoa, subiri kidogo, futa kwa kitambaa kikavu wakati pleti bado zina uvuguvugu. Sekunde ishirini. Usipoupa nafasi ya kupikwa mara ya pili, unatoka kwa kufuta tu.

#19 Mlango_wa_Papa

Haya nimepitisha kucha yangu kwenye pasi yangu inayong'aa kama mpya. Imekwama mahali patatu. Sisemi kitu.

#20 Kipilipili

😂😂

#21 Kibanio (Jumamosi usiku)

Nimeazima pasi kwa jirani, bibi harusi ametoka vizuri, wapambe wanne wote hakuna aliyesema namng'oa. Kabla ya kuanza nilibana tishu kwenye hiyo pasi ya kuazima. Ilitoka kahawia. Nikaifanyia fulana na sabuni palepale huku bibi harusi anapakwa makeup, mwenyewe jirani haamini kama ni ya kwake.

Wigi: nilimweleza mwenye nalo kila kitu. Kwa ushauri wa Bi Mkasi inboksi nililipaka sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kwenye ule mstari tu, dakika kumi, nikachana kwa vidole, nikasuuza na kutia kondishena. Mstari umebaki ukiutafuta kwa tochi. Ameutafuta kwa tochi. Kisha akasema nimsuke lile fungu kwa ndani alipie nusu. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo.

#22 Mzee wa Kijiwe

Mimi nimefanya yote mliyosema kwenye pasi ya wife, chomoa, fulana, chai, spiriti. Chai nimekunywa mbili. Imetoka rangi ambayo sitaki hata kuielezea. Sasa amerudi kaikuta mezani imekaa wazi, anauliza nani ameitumia na alikuwa na nywele gani.

#23 Kibanio

Mzee mwonyeshe uzi huu upesi. Halafu angalia kingo tena, wanaume kwenye kingo huwa hamfiki.

#24 Mzee wa Kijiwe

Ameusoma wote. Kaniletea vijiti vya meno.